Kivoi, tajiri wa Kitui aliyeujua mlima kabla ya madalali

Wewe wa Kitui au Makueni unayesaka ploti Nanyuki, unajua ile bei ni ya kuutazama Mlima Kenya. Basi mjue Kivoi. Jamaa alikuwa mdosi wa Ukambani, akipeleka misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Ndiye alimsimulia mmishonari Krapf, Mjerumani, habari za mlima mweupe. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf akauona. Wasomi Ulaya wakambeza: theluji kwenye ikweta? Jina Kenya lenyewe latokana na Wakamba kuuita Kiinyaa. Mwaka 1851 majambazi walimuua Kivoi karibu na Mto Tana. Krapf, waliyesafiri pamoja, akaponea. Hoteli za kifahari zilikuja baadaye sana. Na barafu ile, siku hizi imebaki kidogo tu.