Huyu Ndiye Jamaa Aliyefanya PIN Yako Iwe na Namba Nne Tu

Cheki, kila ukitoa doh kwa ATM ama kwa simu, kuna kitu unafanya bila hata kufikiria: unabonyeza namba nne za siri. Si tano, si sita. Ni nne. Ushawahi kujiuliza nani aliamua hivyo? Hawakuwa masonko wa benki wala serikali. Ni mke wa jamaa fulani, wakiwa wameketi kwa meza ya jikoni. Jamaa mwenyewe anaitwa John Shepherd-Barron, na stori yake ni moto.

Alizaliwa tarehe 23 Juni 1925 huko Shillong, India, enzi za mkoloni Mwingereza. Mbuyu wake alikuwa injinia Mskoti aliyefanya kazi bandari ya Chittagong, ambayo leo iko Bangladesh. Mathe naye hakuwa mchezo: alishinda medali ya shaba ya tenisi kwenye Olimpiki za Paris 1924, na 1931 akabeba taji la wachezaji wawili wawili pale Wimbledon. Kijana alipokua alijiunga na jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akawa anawafunza wanajeshi wa Gurkha kuruka na parachuti.

Mwaka 1950 aliingia kampuni ya De La Rue. Usijifanye hulijui hilo jina. Hao ndio walichapisha noti za Kenya kwa miaka mingi, na walikuwa na kiwanda pale Ruaraka hadi waliposimamisha kazi 2023. Kwa hivyo huyu jamaa alikuwa kwa biashara ya pesa kabla hajabuni chochote.

Sasa ngori ilianzia hapa. Siku moja ya Jumamosi mwaka 1965, alienda benki kuchukua pesa akapata mlango umefungwa. Alikuwa amechelewa dakika moja tu. Zamani benki ikifungwa Jumamosi, wewe ungoje hadi Jumatatu. Una pesa zako kwa akaunti, lakini wikendi nzima uko sota. Jioni hiyo akiwa anaoga, akafikiria zile mashine za kuuza chokoleti: unatia sarafu, chokoleti inatoka. Akajiuliza, mbona isitoke pesa?

Akapeleka wazo hilo kwa mkubwa wa Barclays wakiwa wanakunywa pamoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, alihitaji sekunde 90 tu kumshawishi. Na tarehe 27 Juni 1967, mashine ya kwanza ikafunguliwa kwenye tawi la Barclays pale Enfield, kaskazini mwa London. Msee wa kwanza kuitumia mbele ya kamera alikuwa Reg Varney, mwigizaji wa vichekesho kwenye TV.

Lakini usidhani ilikuwa kama ATM ya mtaani kwenu. Kadi za plastiki za kazi hiyo hazikuwa zimefika. Ulipewa hundi maalum iliyopakwa kemikali yenye mionzi kidogo, inaitwa kaboni 14, ndio mashine iweze kuitambua. Ukiiingiza, unabonyeza namba yako ya siri, unapewa pauni 10, na hundi inabaki ndani. Watu walipoogopa hiyo mionzi, Shepherd-Barron alipiga hesabu: ungelazimika kula hundi 136,000 ndio ikudhuru. Na nani ako na hundi 136,000?

Turudi kwa ile meza ya jikoni. Yeye alitaka PIN iwe na namba sita, kwa sababu bado alikumbuka namba yake ya jeshi, na ilikuwa sita. Akamuuliza mkewe, Caroline. Caroline akamwambia wazi kwamba yeye anaweza kukumbuka nne pekee. Basi, kesi ikaisha. Siku hizi kuna nchi zinazotumia sita, lakini sehemu kubwa ya dunia ilifuata kichwa cha Caroline.

Je, jamaa aliomoka? Wapi! Hakusajili uvumbuzi wake. Aliogopa kwamba karatasi za usajili zingewaonyesha wezi jinsi siri za mashine zinavyofanya kazi. Mskoti mwingine, James Goodfellow, alikuwa amesajili mashine yake yenye kadi na namba ya siri Mei 1966. Kabla yao wote, Luther Simjian, mzaliwa wa Milki ya Ottoman aliyehamia Marekani, alikuwa amejaribu mashine yake ya benki New York lakini wateja wakaikataa. Ndio maana hadi leo watu wanabishana nani ndiye baba wa ATM. Malkia Elizabeth alimtunuku Shepherd-Barron nishani mwaka 2005, na mwaka uliofuata akamtunuku Goodfellow pia. Ubishi ukabaki palepale.

Mwenyewe alisema aliamini mashine imebadilisha dunia siku alipokuwa kaskazini mwa Thailand. Aliona mkulima akishuka kwa mkokoteni wa ng'ombe, akavua kofia yake pana, akatoa pesa kwa mashine. Siku hizi hata Antaktika, kule kwa barafu tupu, kuna ATM kwenye kituo cha Wamarekani cha McMurdo.

Uzeeni aliishi kaskazini mwa Skotlandi na hakuacha kubuni vitu. Alitengeneza kifaa cha kupiga sauti za nyangumi wauaji ili kufukuza sili waliokuwa wanakula samaki wake. Kilichotokea? Sili wakakuja wengi zaidi! Si kila wazo linashika, hata kwa bingwa.

Lakini kuna moja lililoshika. Mwaka 2007, mashine yake ikifikisha miaka 40, alitabiri kwamba noti zingeisha karibuni na watu wangelipa kwa simu, kwa sababu kusafirisha pesa taslimu ni gharama. Alidhani itachukua miaka michache tu. Kwa noti alikosea, bado ziko. Kwa simu je? Machi mwaka huohuo, M-Pesa ilikuwa imezinduliwa hapa Kenya.

Alifariki tarehe 15 Mei 2010 huko Inverness, akiwa na miaka 84. Kwa hivyo usiku ukikwama mtaani na benki zote zimefungwa, kumbuka kulikuwa na wakati ungelala hivyohivyo hadi Jumatatu. Na kabla ubonyeze zile namba nne, funika kwa mkono. Caroline alikurahisishia kuzikumbuka, lakini hata yule aliyesimama nyuma yako atazikumbuka vilevile.