Mtakatifu Cuthbert na Hariri ya Kaburini

Tarehe 20 Machi kila mwaka Kanisa humkumbuka Mtakatifu Cuthbert, Askofu wa Lindisfarne, aliyefariki mwaka 687. Huko kaskazini ya Uingereza hata watoto walijua jina lake. Kwetu wengi hulisikia tu linaposomwa pamoja na majina ya watakatifu wengine. Tumeona vema tueleze habari zake, maana zinagusa jambo ambalo Wakristo wamebishana juu yake tangu zamani, nalo ni mavazi ya ibada. Wako wasemao kwamba kasula ya hariri ni fedha iliyopotea, iwapo maskini wamekaa mlangoni. Wako nao wasemao kwamba si haki kumpa Mungu kitu duni huku sisi wenyewe tukijivika vizuri siku ya harusi. Katika Tanzania makanisa yaliyolelewa na UMCA, misheni iliyohamia Unguja mwaka 1864, yalizoea kasula na rangi za majira. Yale yaliyolelewa na CMS, waliofika Mpwapwa mwaka 1876, yalizoea mavazi mepesi zaidi. Cuthbert atufaa sote, kwa kuwa aliishi katika sufu isiyotiwa rangi, na baada ya kufa akafunikwa kwa hariri za thamani kubwa.

Alizaliwa karibu na mwaka 635 katika ufalme wa Northumbria. Ujana wake alichunga kondoo. Usiku mmoja wa Agosti 651, wenzake wakiwa wamelala naye akikesha akiomba, aliona nuru ikishuka kutoka mbinguni na malaika wakichukua roho ya mtu mtakatifu. Baadaye akapata habari kwamba usiku ule ule Aidan, Askofu wa kwanza wa Lindisfarne, alikuwa amefariki. Cuthbert akawarudishia wenyewe kondoo wao, akaenda kwenye nyumba ya watawa ya Melrose, akapokewa na mwalimu wake mpendwa, Boisil. Boisil alipokufa kwa tauni, Cuthbert akashika nafasi yake. Aliizoea milima na vijiji vya mbali ambavyo wahubiri wengine waliviogopa kwa ajili ya umaskini wa watu na ubaya wa njia. Huko alikaa wiki nzima, pengine mwezi mzima, akifundisha na kuungamisha.

Baada ya Sinodi ya Whitby ya mwaka 664 alipelekwa Lindisfarne awaongoze watawa wa huko. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana mahali hapo: maji yakijaa ni kisiwa, maji yakipwa watu huvuka kwa miguu. Mtawa Bede, aliyeandika maisha ya Cuthbert yapata mwaka 721, ametuachia habari ya mavazi yake. Cuthbert alivaa nguo za kawaida, si za fahari wala si chafu za kutia kinyaa. Kwa mfano wake watawa wa Lindisfarne hawakuvaa nguo za rangi nyingi wala za bei. Walitosheka na sufu kama ilivyotoka mgongoni mwa kondoo.

Mwaka 676 aliomba ruhusa akae peke yake katika kisiwa kidogo cha Farne, aombe. Alijijengea kibanda cha mawe na udongo, na ukuta mrefu wa kukizunguka hata asione kitu ila mbingu. Alipanda ngano, haikuota. Akapanda shayiri, ijapokuwa wakati wake ulikuwa umepita, nayo ikastawi. Na ndege walipoivamia aliwakemea nao wakaondoka. Bata wa baharini waliotaga mayai kisiwani walikuwa majirani zake, na mpaka leo watu wa pwani ile huwaita bata hao kwa jina lake.

Hata hivyo watu hawakumwacha. Mwaka 684 sinodi ilimchagua awe askofu, naye akakataa barua zote. Ndipo mfalme Ecgfrith mwenyewe akapanda chombo pamoja na wakuu wake, akampigia magoti kisiwani. Cuthbert alitoka akilia. Akawekwa wakfu mjini York siku ya Pasaka, mwaka 685, kwa mikono ya Askofu Mkuu Theodore. Kazi ya uaskofu aliifanya muda usiotimia miaka miwili, akiwalisha wenye njaa na kuwavika wenye baridi, kisha akarudi Farne kufa.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka lishikwe. Palikuwa na mkuu wa nyumba ya watawa wa kike karibu na mlango wa mto Tyne, jina lake Verca. Alikuwa amempa Cuthbert kitambaa kizuri cha kitani. Cuthbert hakukivaa, maana hakutaka fahari mwilini mwake. Lakini pia hakukirudisha, wala hakukiuza, wala hakumlaumu Verca kwa gharama. Alikitunza. Ugonjwa ulipomzidi alimwagiza Herefrith, mkuu wa watawa wa Lindisfarne, amzike kwa sanda ya kitambaa kile, kwa upendo aliokuwa nao kwa yule mama. Hivyo mtu aliyeikataa nguo nzuri aliipokea zawadi. Mambo hayo mawili si sawa.

Watawa walimzika kanisani Lindisfarne. Mwaka 698 walifungua kaburi ili waiweke mifupa yake mahali pa heshima zaidi, wakauona mwili mzima na nguo zake kama mpya. Wakamvika mavazi mapya, wakamlaza katika jeneza la mwaloni lililochorwa Bwana wetu, Mama Mariamu na Mtoto, malaika na mitume. Mbao zake zipo hata leo.

Sasa yatupasa tuseme kidogo habari za hariri yenyewe, ili tujue thamani ya zawadi zilizofuata. Hariri si pamba wala si sufu. Ni uzi anaoutoa kiwavi mlaji wa majani ya mforsadi, akijizungushia mwilini kabla ya kugeuka nondo. Na uzi wa kiwavi mmoja hufika mamia ya mita. Wachina waliitunza siri ya kazi hii kwa muda mrefu sana. Hariri ilivuka jangwa na milima kwa misafara ya ngamia, na Waajemi waliokaa katikati ya njia wakatoza faida yao. Yapata mwaka 552 watawa fulani walimletea Kaisari Justinian mayai ya wadudu hao. Wako wasimuliao kwamba waliyaficha ndani ya fimbo. Tangu hapo Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul, ukawa na hariri yake, lakini serikali ikailinda kwa ukali. Mwaka 968 askofu mmoja wa Italia, Liutprand wa Cremona, alinyang'anywa na maofisa wa mji ule vitambaa vitano vya zambarau alivyokuwa amevinunua.

Ilipofika Uingereza, baada ya bahari na milima na ushuru wa kila mji, bei yake ilikuwa ya kutisha. Bede aeleza kwamba Benedict Biscop, mkuu wa watawa wa Wearmouth na mtu wa siku zile zile za Cuthbert, alirudi kutoka Roma na mavazi mawili ya hariri tupu. Kwa mavazi hayo mawili alipata kwa mfalme Aldfrith ardhi ya kuzitosha nyumba tatu za watu. Wakulima wanaosoma haya wataelewa: nguo mbili zililingana na mashamba ya jamaa tatu.

Basi mwaka 793 maharamia wa kaskazini waliliteka kanisa la Lindisfarne na kumwaga damu ya watawa. Mwaka 875 hatari ilirudi, na jamaa ya Cuthbert wakalichukua jeneza, wakatangatanga nalo nchi kavu miaka saba hivi, hata wakapumzika Chester-le-Street mwaka 883. Waliweza kuacha majengo na mashamba, lakini hawakumwacha askofu wao.

Huko Chester-le-Street wafalme walikuja kumheshimu. Mwaka 934 mfalme Athelstan, akienda vitani Uskoti, alitoa zawadi nyingi, na miongoni mwake stola na manipulo, yaani kitambaa cha mkononi ambacho padre alikivaa wakati wa Misa. Maandishi yaliyotariziwa juu yake yasema kwamba malkia Aelfflaed, mama wa kambo wa Athelstan, aliagiza vitengenezwe kwa ajili ya Askofu Frithestan wa Winchester. Kwa nyuzi za hariri na za dhahabu wametariziwa manabii, kama Danieli, Yona na Amosi, na Mwanakondoo wa Mungu katikati yao. Yapata mwaka 945 mfalme Edmund, ndugu yake Athelstan, alitandaza juu ya mwili wa Cuthbert, kwa mikono yake mwenyewe, vitambaa viwili vya Kigiriki.

Mwaka 995 jeneza lilifika Durham, na mwaka 1104 likawekwa katika kanisa kuu jipya lililosimama hata leo. Kaburi likapambwa kwa dhahabu na vito, hata wajumbe wa mfalme Henry wa Nane walipokuja wakavichukua vyote na kulivunja. Askofu alizikwa tena pale pale. Mwaka 1827 kaburi lilifunguliwa, ikakutwa mifupa, msalaba mdogo wa dhahabu uliokuwa umejificha ndani ya nguo, stola, manipulo, na vipande vya hariri za mashariki. Vitu hivi vimetunzwa Durham. Katika kipande kimoja wameonekana samaki na bata wakiogelea majini. Mfumaji aliyewafuma mbali kule hakumjua Cuthbert wala kisiwa cha Farne, lakini bata wake walimfikia.

Tujifunze nini? Kwanza, Cuthbert mwenyewe hakuomba hata uzi mmoja wa hariri. Mchungaji au padre akidai mavazi ya fahari kwa ajili ya nafsi yake, asimtaje Cuthbert kuwa shahidi wake. Askofu huyu aliwavika maskini kwanza, na yeye akavaa sufu.

Pili, hakudharau zawadi ya upendo. Akina mama wetu wanaposhona vitambaa vya madhabahu kwa fedha walizochanga shilingi kwa shilingi, au familia ikitoa stola kwa kumkumbuka marehemu wao, tusiwe wepesi wa kuuliza ingeuzwa kiasi gani. Swali hilo liliulizwa Bethania juu ya marhamu ya Mariamu, na twamjua aliyeliuliza. Verca na Aelfflaed wangalikatazwa, tusingalikuwa na la kusimulia leo.

Tatu, halmashauri ya parokia inapopanga matumizi, na iyaweke mambo haya mawili pamoja mezani: mfuko wa wajane na kabati la mavazi. Kabati likijaa na mfuko ukiwa mtupu, tumemheshimu Cuthbert wa kaburini tukamsahau Cuthbert wa vijijini. Lakini mfuko ukihudumiwa kwa uaminifu, hatuna haja ya kuona haya kwa stola nzuri siku ya Pasaka.

Mungu, aliyemwita Cuthbert kutoka kwa kondoo awe mchungaji wa watu, atujalie mioyo ya kutoa bila majivuno na ya kupokea bila tamaa. Amina.