William Thomson na Waya wa Baharini

Mwaga ndoo ya maji mwanzoni mwa mfereji mrefu. Maji huondoka kwa nguvu, lakini mwishoni hufika polepole, yametawanyika. Ukimwaga ndoo ya pili upesi, mwenzako aliye mwisho wa mfereji hawezi kuyatenganisha maji ya kwanza na ya pili. Ishara za umeme hufanya vivyo hivyo katika waya mrefu. William Thomson ndiye aliyelieleza jambo hilo kwa hesabu.

Thomson alizaliwa Belfast, Ayalandi, mwaka 1824. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow, na alipofika miaka 22 akawa profesa huko.

Siku zile habari za mbali zilipelekwa kwa simu ya maandishi, yaani kwa mipigo ya umeme iliyowakilisha herufi. Kampuni moja ilitaka kulaza waya wa simu hiyo chini ya bahari ya Atlantiki, kwa urefu wa zaidi ya kilometa 3,000. Thomson alionya kwamba urefu wa waya ukizidi mara mbili, ishara hucheleweshwa mara nne. Alishauri shaba iwe nene, na kifuniko chake kiwe kinene pia. Ushauri huo haukufuatwa.

Waya ulilazwa mwaka 1858. Salamu za Malkia wa Uingereza, zenye maneno 98, zilichukua saa 16 hivi kufika Amerika. Fundi mkuu wa umeme alidhani nguvu ndiyo dawa, akatumia volti 2,000 hivi. Waya, ambao tayari ulikuwa na kasoro, ulizidi kuharibika. Baada ya majuma machache ukanyamaza kabisa.

Thomson alifuata njia nyingine. Alitengeneza chombo cha kupokelea ishara chenye kioo kidogo na sumaku, vilivyoning'inizwa kwa uzi wa hariri. Umeme hafifu ulikigeuza kioo, nao mwanga wa taa ulioakisiwa ukasogea kushoto au kulia. Mpokeaji hakuhitaji kungoja mpigo ukue. Mwanga uliposogea kidogo tu, alitambua ishara.

Mwaka 1866 ulilazwa waya mnene zaidi, ukafanya kazi vizuri. Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alifariki mwaka 1907.

Hata nyaya za kompyuta zina kikomo chake. Ishara zikipelekwa upesi kupita kiasi, huchanganyikana.

Maswali
1. Kwa nini kuongeza nguvu ya umeme hakukusaidia?
2. Mmwagie mwenzako ndoo mbili mferejini. Mngoje muda gani ili azitenganishe?