Arrhenius na Hesabu ya Joto la Dunia

Svante Arrhenius alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 huko Vik, karibu na mji wa Uppsala, nchini Uswidi. Alikuwa mtu wa nchi ya theluji. Lakini hesabu aliyoiacha yatuhusu mno sisi wakaazi wa visiwa, na ndiyo sababu twaieleza leo habari yake.

Mwaka 1884 alitoa tasnifu yake ya udaktari juu ya namna umeme unavyopita katika maji yaliyoyeyushwa chumvi. Wakubwa wa chuo hawakuithamini, wakampa daraja hafifu. Hakukata tamaa. Kazi iliyotokana na tasnifu ile ile iliyodharauliwa ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1903, akawa Mswidi wa kwanza kuipata.

Mwishoni mwa mwaka 1894 alianza hesabu nyingine, akitafuta chanzo cha zama za barafu. Ilikwisha kujulikana kwamba hewa ya ukaa huupitisha mwanga wa jua, lakini huzuia joto la ardhi lisitoroke angani. Arrhenius akashika kalamu, akapiga hesabu kwa muda wa mwaka mzima hivi, akiigawa dunia ukanda kwa ukanda. Alizingatia pia kwamba hewa ikipata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo nao huongeza joto. Mwaka 1896 akatangaza kwamba hewa ya ukaa ikizidi maradufu, joto la dunia litapanda kwa nyuzi 5 au 6. Wataalamu wa leo, wenye kompyuta, hukadiria nyuzi 3 hivi.

Baadhi ya wenzake walimpinga, na kwa miaka mingi hesabu yake iliwekwa kando. Naye mwenyewe hakuona yote. Alidhani ongezeko kubwa lingechukua maelfu ya miaka, na akatarajia kuwa joto lingewafaa watu wa nchi za baridi. Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927. Kabla ya zama za viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni. Sasa imepita 420.

Hapana budi tujiulize joto hilo lamfaa nani. Bahari ipatapo joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu iyeyukayo huishia humo humo. Visima vya pwani huingiwa na chumvi, na mashamba ya mpunga kadhalika. Wenye visiwa hawakuchoma makaa ya mawe yaliyoleta hali hii, lakini wao hufikiwa kwanza na maji.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu, kila wanapoidhinisha jengo la ufukweni, gati au ukataji wa mikoko, waiweke hesabu hii mezani. Ilikamilika mwaka 1896. Haifai tena kusemwa kwamba hatukuarifiwa.