Tom Mboya na Ndege ya Wanafunzi

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, Kenya, ambako baba yake alikuwa nyapara. Alisoma Mang'u, lakini ada ilipokosekana akaiacha shule. Akajifunza ubwana afya, akaajiriwa Nairobi, akaongoza vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia watu, hata akaonekana katika televisheni. Ajabu ni kwamba kwao Kenya televisheni ilifika 1962, na huku kwetu Tanzania Bara mwaka 1994! Wamarekani wakamwona kijana wa miaka 28 akijibu maswali magumu bila kubabaika. Aliwaombea vijana nafasi za masomo na nauli. Dada yangu alipata nafasi ya chuo akakosa fedha, kwa hiyo habari hii ya nauli niliisoma mara mbili. Mwezi wa Septemba ndege ya kwanza ikachukua wanafunzi 81.

Mwaka 1960 serikali ya Rais Eisenhower kwanza ilikataa kusaidia. Mboya akamwendea nyumbani John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa jamaa yake ukatoa dola 100,000. Safari hiyo vijana wa Tanganyika nao walikuwamo.

Kennedy aliuawa mwaka 1963. Mboya, akiwa waziri, alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, 1969, akitoka katika duka la dawa. Alikuwa na miaka 38.