Alfred Wegener na Nchi Zinazotembea

Katika mji wa Berlin, huko Ujerumani, alizaliwa mtoto jina lake Alfred Wegener. Ilikuwa tarehe 1 Novemba, mwaka 1880. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti na mwalimu. Alfred alijifunza kwanza habari za nyota, kisha habari za upepo na baridi. Hakuogopa taabu. Mwaka 1906 yeye na kaka yake Kurt walipanda baluni kubwa, wakakaa hewani saa 52. Mwaka ule ule alisafiri mpaka Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini, ambacho sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu.

Siku moja alitazama ramani ya dunia. Akaona pwani ya Brazili na pwani ya Afrika ya magharibi zinapatana kama vipande viwili vya chungu kilichovunjika. Wengine walikuwa wameliona jambo hili mbele yake. Lakini Wegener hakutosheka na kuona tu, alitafuta ushuhuda.

Akaupata. Zamani za kale aliishi mnyama mfano wa mjusi, aliyeogelea katika maji ya nchi. Hakuweza kuvuka bahari kuu. Lakini mifupa yake iliyogeuka mawe ilionekana Brazili na kusini mwa Afrika pia. Tena katika nchi zenye joto zilionekana alama za barafu juu ya miamba. Basi Wegener akafahamu kwamba zamani nchi kavu zote zilikuwa kitu kimoja, kisha zikapasuka, zikaachana polepole.

Alitangaza fundisho hilo mwaka 1912. Mwaka 1915, baada ya kujeruhiwa vitani, alilitoa katika kitabu. Wataalamu wengi walimkataa. Waliuliza ni nguvu gani inayoweza kusukuma nchi nzima, na majibu yake juu ya neno hilo yalikuwa dhaifu kweli. Wengine walimdharau kwa sababu kazi yake ilikuwa habari za hewa, siyo mawe. Wegener hakuacha. Alikitengeneza kitabu chake upya mara tatu, na kila mara aliongeza ushuhuda.

Mwaka 1930 alirudi Greenland kama mkubwa wa msafara. Wenzake wawili walikaa katikati ya barafu, mbali na pwani kilometa 400, kupima baridi na upepo. Chakula na mafuta yao hayakutosha kwa miezi ya baridi. Mwezi wa Septemba Wegener akaondoka kuwapelekea vitu, pamoja na mwenzake Loewe na wenyeji 13, kwa magari ya kuteleza yanayovutwa na mbwa. Baridi ikazidi sana. Wenyeji wakarudi, mpaka akabaki kijana mmoja tu, Rasmus Villumsen. Tarehe 30 Oktoba wale watatu wakafika, lakini vitu vingi vilikuwa vimeachwa njiani, na vidole vya miguu vya Loewe vilikuwa vimeganda.

Chakula hakikutosha watu watano. Kwa hiyo tarehe 1 Novemba, siku alipotimiza miaka 50, Wegener aliondoka na Villumsen kurudi pwani. Hawakufika. Mwezi wa Mei 1931 maiti ya Wegener ilionekana, imezikwa vizuri katika barafu na kijana yule mwaminifu. Villumsen mwenyewe hakuonekana tena. Lakini wale watatu waliobaki kambini walipona.

Miaka 30 hivi ilipita. Wataalamu wakapima chini ya bahari, wakaichunguza safu ndefu ya milima iliyo katikati ya Atlantiki. Huko mawe ya moto hupanda kutoka chini, na sakafu ya bahari hupanuka pande mbili. Wakajua kwamba gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa vinavyotembea sentimeta chache kila mwaka. Vipande vikigongana, milima huinuka. Vikisuguana, nchi hutetemeka. Vikiachana, mara nyingi milima ya moto hutokea.

Mashariki mwa Kongo watu wanaiona kazi hiyo. Huko Afrika inapasuka polepole sana, na katika bonde la mpasuko huo yamelala maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Mlima Nyiragongo umesimama hapo hapo. Mwezi wa Januari 2002 moto wake ulishuka, ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani.

Wegener hakuiona siku ya kusadikiwa. Alikosea juu ya nguvu inayosukuma nchi, lakini juu ya safari yenyewe ya nchi alisema kweli. Kweli ikicheleweshwa haiozi.

Maulizo

1. Wegener aliona nini katika ramani?
2. Mifupa ya mnyama wa kale ilishuhudia nini?
3. Kwa nini wataalamu walimkataa?
4. Kwa nini Wegener hakukaa kambini mpaka baridi ipite?
5. Taja maziwa manne yaliyo katika bonde la mpasuko.