Bridgetower, mupiga violoni ambaye jina lake lilitoshwa ku kazi yake

Tarehe 24 mwezi wa tano mwaka 1803, saa mbili ya asubui, watu wa muji wa Vienna, inchi ya Austria, walikusanyika ku bustani ya Augarten kusikiliza muziki. Ndiyo, asubui mapema. Zamani ile konseri za Augarten zilikuwa zinaanza saa ile. Mbele yao kulikuwa watu wawili. Ku piano alikaa Ludwig van Beethoven, mwenyi miaka 32, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kufa. Ku violoni alisimama kijana mweusi wa miaka 24, George Polgreen Bridgetower. Tunaeleza maisha ya huyu wa pili, juu wa kwanza anajulikana tayari, hata ku segondere walitutajia jina lake.

Muziki walipiga siku ile Wafaransa wanaiita musique de chambre, ni kusema muziki ya chumba. Hakuna mutu wa kusimama mbele na kijiti. Ni watu wawili, watatu ao wane, kila mutu na sauti yake, na kila mutu analazimika kusikiliza mwenzake. Wandugu wa mashimo wataelewa hii mbio kuliko watu wa biro. Mwenyi kuwa chini na mwenyi kuvuta kamba huku juu hawaonane, wanasikilizana tu, na kama mumoja anakawia kusikia, ni kifo. Ku muziki hakuna kifo, kuko haya. Lakini haya mbele ya wakubwa wa Vienna ilikuwa inaweza kumaliza kazi ya mutu. Na mutu asituambie kama violoni ni kitu ya Wazungu peke yao: hapa kwetu Congo, Kinshasa, Orchestre symphonique kimbanguiste inaipiga tangu mwaka 1994.

Bridgetower alizaliwa Biała Podlaska, inchi ya Poland, akabatizwa mwezi wa kumi 1778. Mama yake alikuwa Mujerumani, Maria Anna Ursula Schmidt. Baba yake alikuwa mutu mweusi, walisema alitoka kisiwa cha Barbados, fasi Waingereza walikuwa wanalimisha watumwa mashamba ya miwa. Huyu baba alipata kazi ya utumishi ku nyumba za wakubwa, kwanza kwa Radziwiłł ya Poland, kisha kwa Esterházy ya Hungaria. Kwa Esterházy, mukubwa wa wanamuziki alikuwa Joseph Haydn. Ndiyo sababu mutoto alipoanza kupiga mbele ya watu, walimutangaza kama mwanafunzi wa Haydn.

Baba alijua kuuza. Alivaa nguo za Waturuki, akajiita mwana wa mufalme wa Afrika, akatembeza mutoto muji kwa muji. Mwezi wa ine 1789 mutoto alipiga Paris, ku Concert Spirituel. Ilibakia miezi mitatu tu Wafaransa wavunje gereza la Bastille. Kisha wakavuka kwenda Uingereza: Windsor mbele ya mufalme George III, Bath, na mwezi wa pili 1790 teatre ya Drury Lane, London. Mutoto alikuwa na miaka 11.

Hapa tunasimama kidogo. Mutoto anatumika, makuta inaingia mufuko ya baba, na baba anaikula. Ku machimbo yetu tumeona watoto wanaosha mawe ndani ya mugezi tangu asubui, na jioni hata kalamu ya masomo hawana. Nguo za mapambo na makofi ya watu hazibadilishe kitu. Kilichomwokoa Bridgetower ni kwamba mwana wa mufalme, Prince of Wales, ambaye kisha atakuwa George IV, alimuchukua chini ya ulinzi wake mwaka 1791, baba akatoshwa inchini. Ilikuwa bahati ya mutoto mumoja. Wengine wenyi walikuwa wanatembezwa vile hawakukuwa na Prince.

Kutoka pale alisoma kweli. Barthélemon alimufundisha violoni. Attwood, ambaye yeye mwenyewe alisoma kwa Mozart, alimufundisha kutunga. Haydn alipokuja London mwaka 1791, kijana alipiga ku konseri zake. Kisha akawa violoni ya kwanza ku orkestra ya Prince, na akabakia pale miaka mingi.

Mwaka 1802 aliomba konje aende Dresden kuona mama yake. Alipiga konseri kule pamoja na ndugu yake, mupiga selo, akaomba konje iongezwe, wakakubali. Basi akafika Vienna, na Prince Lichnowsky akamupeleka kwa Beethoven.

Beethoven alianza kuandika sonata ya piano na violoni kwa ajili yake, na aliandika kwa haraka ya ajabu. Sehemu ya tatu ilikuwa tayari, aliitosha ku sonata ingine ya 1802. Zile zingine mbili hazikuisha kwa wakati. Siku moja saa kumi na nusu ya alfajiri alimwamsha mwanafunzi wake Ferdinand Ries anakili mbio karatasi ya violoni ya sehemu ya kwanza. Karatasi ya piano ilikuwa karibu tupu, Beethoven alipiga kwa kichwa. Sehemu ya pili haikunakiliwa hata kidogo: Bridgetower alilazimika kusoma juu ya bega ya Beethoven, ku karatasi ya mwandiko wake mwenyewe, na mwandiko ule ulikuwa mubaya sana.

Na pale ndani ya sehemu ya kwanza, piano ilipofanya mbio yake peke yake, Bridgetower aliirudisha ku violoni bila kuandikiwa. Beethoven aliruka ku kiti, akamukumbatia, akamuomba airudilie. Sehemu ya pili, wasikilizaji waliomba wasikie tena. Ku karatasi Beethoven aliandika kwa utani kama ni sonata ya mulâtre, na akamupa Bridgetower zawadi: chuma chake cha kutafutia sauti, kile Wafaransa wanaita diapason.

Kisha wakagombana. Katika uzee wake Bridgetower alieleza kama ilikuwa juu ya mwanamuke. Inawezekana. Lakini sisi tunaona pia kitu ingine: wakati ule Beethoven alikuwa anafikiri kuhamia Paris, na kule kulikuwa mupiga violoni mwenyi jina kubwa, Rodolphe Kreutzer. Sonata ilipochapwa Bonn mwaka 1805, jina la Bridgetower halikukuwamo. Ilitolewa kwa heshima ya Kreutzer, ambaye hakuipiga hata siku moja. Inasemekana alisema haieleweke. Hata leo duniani mwote inaitwa sonata ya Kreutzer.

Sisi wote tunajua safari ya mufuko ya kasiterite kutoka Nyabibwe. Ilikuwa inafungwa étiquette, inapita kwa négociant, inafika comptoir ya Bukavu. Ku ile étiquette, jina la mwenyi alishuka ndani ya shimo halikukuwamo.

Bridgetower hakukufa kwa njaa juu ya ile, tusiongeze chumvi. Alirudi London. Mwaka 1807 alipokelewa ku Royal Society of Musicians, chama chenyi kilianza 1738, fasi wanamuziki wanachanga makuta kwa wagonjwa, wazee na wajane wao. Tunakitaja makusudi. Mwaka 1811 alipata diploma ya muziki Cambridge, na 1813 alipiga na Philharmonic Society ilipoanza. Alioa 1816. Kisha alifundisha piano, aliishi Roma na Paris, na jina lake likapunguka kidogo kidogo. Alikuwa angali hai mwaka 1834 Waingereza walipomaliza utumwa kule Barbados.

Alikufa Peckham, kusini ya London, tarehe 29 mwezi wa pili 1860, akazikwa ku makaburi ya Kensal Green. Ile diapason ya Beethoven iko mupaka leo London, ku British Library.